Mafinga: nani analiondoa kava la bledi? (Uzi wa usalama kwenye mashine za mbao)

#1 Kamwene_Mufindi

Wakuu, kamwene.

Ajali ya bledi ikitokea huku Mufindi, karatasi huandikwa maneno yaleyale: "Chanzo: uzembe wa mfanyakazi." Mpasuaji kapoteza vidole viwili, uzembe. Gogo limeruka likampiga kifuani, uzembe. Hakuna anayeuliza kava la bledi lilikuwa wapi siku hiyo. Lilikuwa nyuma ya kibanda, limeegemezwa ukutani, kuku wanatagia.

Nataka tujadili hilo moja tu: nani analiondoa, na kwa faida ya nani. Na tusianze na habari kwamba mpasuaji hana elimu. Bledi ya milimita 600 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, jino lake linakwenda karibu kilomita 170 kwa saa. Hakuna anayesimama kando ya kitu hicho kutwa nzima asijue kinakata.

Tazameni malipo. Genge la dingdong (mashine ndogo ya kupasulia magogo, inayohamishika) halilipwi kwa siku, linalipwa kwa mbao zilizotoka. Bledi ikisimama, hela imesimama. Sasa lije gogo la paina lenye kibyongo au tako nene. Kava lililofungwa kwa nati halilipitishi. Zima injini, fungua nati nne, pandisha kava, kaza, washa. Hapo dakika kumi zimekwenda, na magogo ya namna hiyo yakiwa sita ni saa nzima, na saa hiyo hailipwi na mtu. Wiki ya kwanza kava linafunguliwa na kurudishwa. Wiki ya pili linafunguliwa tu. Wiki ya tatu kuku wamepata pa kutagia.

Kunoa ni hivyohivyo. Meno yakiwa butu, msukumaji anaongeza nguvu, mwili wote unaegemea mbele, na gogo likiisha ghafla mikono inaendelea na safari. Kila mtu kwenye genge anajua bledi inataka kunolewa. Lakini kunoa nako hakulipwi, basi "tumalize hili kwanza", halafu lile, halafu giza linaingia.

Hoja yangu ndiyo hiyo: spana anaishika mpasuaji kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu, ila kinachofungua nati ni bei ya kipande. Karibuni.

#2 Mwakaleli_Boy

Nimekaa siti ya mbele. Mafundi waje.

#3 Fundi_Kinyanambo

Mkuu #1 uko sawa, ila umeruka kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko kava: kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi. Mashine zinazochomelewa mitaani mara nyingi zinatoka gereji bila hicho kisu. Hapo huwezi kumlaumu mpasuaji wala anayelipa kwa kipande, mashine imezaliwa na kilema.

Paina inayokua haraka ina mvutano ndani yake, hasa iliyoota kwenye mteremko. Ukiipasua, vipande viwili havitulii, vinajikunja na kuubana mwanya uliokatwa. Meno ya mbele ya bledi yanakwenda chini, lakini ya nyuma yanapanda juu kuelekea kwa msukumaji. Mwanya ukibana, meno ya nyuma yanaishika mbao, yanainyanyua na kuirusha alikosimama mtu. Kisu kinaingia kwenye mwanya na kuuweka wazi usifunge. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Vipimo ni hivi. Unene wa kisu uzidi unene wa sahani ya bledi, lakini upungue kidogo kwenye upana wa mkato. Sahani ikiwa milimita 4 na meno yakikata milimita 6.5, tafuta chuma cha milimita 5. Kikiwa chembamba kuliko sahani hakisaidii. Kikiwa kinene kuliko mkato mbao itakwama, watu watasukuma kwa nguvu, na umetengeneza hatari mpya. Uwazi kati ya kisu na meno, kwenye usawa wa meza, usizidi milimita 8. Kwa bledi iliyo chini ya milimita 600, ncha ya kisu isipungue chini ya kilele cha bledi kwa zaidi ya milimita 25. Kwa bledi ya 600 kwenda juu, kisu kisimame angalau milimita 225 juu ya meza. Ukingo wa mbele uchongwe kufuata duara la bledi, na kisu kinyooke sawasawa na bledi. Weka rula ndefu ubavuni mwa bledi na kisu uone.

Kosa ninalolichukia: mtu anabadilisha bledi anaweka ndogo, kisu anakiacha palepale. Uwazi unakuwa sentimita tano. Hicho siyo kisu tena, ni pambo. Kisu kiwe na matundu marefu ya bolti ili kisogezwe kila bledi inapobadilishwa.

#4 Tajiri_wa_Mabanzi

Naongea kama mwenye mashine, mnipige mawe taratibu. Kisu na kava siyo gharama ya kutisha, nakubali. Pande la chuma na nusu siku ya mchomeleaji. Gharama iko kwenye mwendo. Jirani hana kava, genge lake linatoa mbao nyingi kuliko langu, mnunuzi kutoka Dar hamuulizi mtu kuhusu kava, anauliza bei ya mbao ya 2x4. Nikifunga kava peke yangu, genge zuri linahamia kwa jirani kesho asubuhi. Hilo hamliandiki kwenye mabango ya usalama.

#5 Kamwene_Mufindi

Tajiri, shikamoo kama umri unaruhusu. Umesema kweli, na ndiyo maana mimi naliita suala la siasa. Mwenye mashine mmoja hawezi kulitatua. Lazima litoke mahali panapowabana wote kwa pamoja, na huku mahali hapo papo. Magogo mengi yanatoka shamba la Sao Hill, shamba la serikali lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuvuna kunahitaji kibali. Kibali kikidai mashine iwe imesajiliwa na kukaguliwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi), na ukaguzi ukitazama kava na kisu badala ya kutazama jalada tu, jirani yako hatakuwa na cha kukushinda nacho.

Sasa hivi kila mbao inayotoka Mafinga inahesabiwa kwenye kizuizi cha barabarani, 2x4 ngapi, 1x8 ngapi, ushuru umelipwa au haujalipwa. Vidole havina kizuizi.

#6 Dada_Afisa_Usalama

Habari za jioni wote. Naomba nipingane kidogo. Mnawatetea sana wapasuaji. Kwenye mafunzo yetu inajulikana kwamba asilimia 88 ya ajali zinatokana na matendo ya watu yasiyo salama, asilimia 10 mazingira, 2 haziepukiki. Mtu anapewa kofia, buti, glavu, anavivua. Anaingia na kilevi. Anachezea simu. Huyo naye ni bei ya kipande?

#7 Mzee_wa_Sheria_Iringa

Dada, takwimu hiyo ina historia yake. Ilitolewa na Heinrich, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye bima, mwaka 1931. Alipitia visa kama 75,000, sehemu kutoka majalada ya madai ya bima, sehemu kubwa kutoka kumbukumbu za wenye viwanda. Jiulize nani alikuwa anajaza majalada hayo. Ni walewale wanaoandika "uzembe wa mfanyakazi" leo. Ukikusanya karatasi elfu zilizojazwa na wasimamizi, utapata elfu moja za uzembe. Hujapima ajali, umepima kalamu ya msimamizi.

Kuhusu glavu, nawaachia mafundi, lakini nadhani hapo umejifunga mwenyewe.

#8 Fundi_Kinyanambo

Amejifunga, ndiyo. Dada, samahani, sikusudii kukuvunjia heshima. Mtu anayesukuma mbao kwenye bledi HAVAI glavu. Jino likigusa ngozi tupu linakata kidole. Likigusa glavu ya kitambaa au ngozi, linaivuta na mkono wote unafuata. Glavu ni za wanaobeba mabanzi na magogo, na za anayebadilisha bledi injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo huyo unayemwandikia karatasi kwa kuvua glavu alikuwa sahihi kuliko aliyemgawia.

Msukumaji anahitaji fimbo. Ya mbao ngumu, isipungue milimita 450, ncha ichongwe mkato wa pembe kama mdomo wa ndege ili ishike kona ya mbao. Ukibakiza milimita 300 za mwisho, mikono inatoka mezani, fimbo inaingia. Kama mbao yenyewe ni fupi kuliko milimita 300, tumia fimbo tangu mwanzo. Fimbo ziwe tatu na zining'inie kwenye msumari karibu na mkono wa kulia, kwa sababu ikiwa moja itapotea kwenye pumba saa tatu asubuhi na hakuna atakayeitafuta.

Kuhusu kilevi na simu, sina ubishi.

#9 Dada_Afisa_Usalama

Nimepokea la glavu. La 88 bado nalitafakari. Lakini niwaulize: kama fomu ya ajali isiandike uzembe, iandike nini? Fomu ina mstari mmoja wa chanzo.

#10 Mzee_wa_Sheria_Iringa

Mstari ni mmoja lakini hakuna aliyekukataza kuambatanisha ukurasa. Andika vitu vinavyoonekana. Kava lilikuwepo? Kama halikuwepo, liliondolewa lini na nani alijua? Kisu cha nyuma kipo, uwazi milimita ngapi? Bledi ilinolewa mara ya mwisho lini? Ilikuwa saa ya ngapi ya kazi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida 9 kwa siku na 45 kwa wiki, sasa kama mkono umekatika saa ya kumi na moja tangu kuanza kazi, hiyo saa ni chanzo, iandike. Genge linalipwaje? Mwanga ulikuwaje? Swichi ya kuzimia iko wapi, na mtu wa mwisho kwenye foleni ya gogo anaifikia?

Halafu picha kabla ya kufagia. Kufagia ndiko kunakoharibu kila kitu, watu wanamwaga pumba juu ya damu, kava linarudishwa mahali pake jioni hiyohiyo, na mkaguzi akija anakuta mashine safi kama mpya.

#11 Kibarua_Changarawe

Mimi swali langu fupi. Sisi hatuna mkataba. Mwenye msitu anamkodi mwenye mashine, mwenye mashine anampa kazi kiongozi wa genge, kiongozi wa genge anatuokota asubuhi. Mtu akikatika, mwajiri ni nani? Kila mmoja anamsonta mwenzake.

#12 Mzee_wa_Sheria_Iringa

Hapo ndipo kwenye kiini, na nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza, kukosa karatasi ya mkataba hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inakudhania kuwa mfanyakazi kukiwa na hata jambo moja kati ya kadhaa. Namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine. Au saa zako za kazi zinaongozwa na mtu mwingine. Au umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Au unamtegemea kiuchumi. Au anakupa vifaa vya kazi. Bledi ni ya nani? Dizeli ni ya nani? Nani anasema leo tunaanza saa kumi na mbili? Ukijibu hayo umeshamkaribia mwajiri. Kwa kawaida kiongozi wa genge naye ni kibarua mwenzenu aliyepewa daftari.

Pili, fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na haruhusiwi kukukata wewe. Ajali ikitokea, mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7, ugonjwa wa kazini ndani ya siku 14. Dai lenyewe lina miezi 12. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukipimwa na kuonekana hauzidi asilimia 30, unalipwa mkupuo. Ukizidi hapo, pensheni ya kila mwezi. Matibabu ni mbali na hayo.

Tatu, na hili wengi hawalijui: Mfuko hauulizi kosa ni la nani. Fidia hii haitegemei kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, na uzembe wa kawaida wa mfanyakazi hauiondoi. Kwa hiyo msimamizi akikutisha kwamba "tumeshaandika ni uzembe wako, hupati kitu", anakudanganya, au naye hajui.

Nne, zile karatasi za kumalizana. Tajiri analipa hospitali, anaongeza laki kadhaa za pole, mnakwenda kwa mtendaji wa kijiji mnasainishana kwamba hakuna madai tena. Pokea pole yake, ni uungwana. Lakini karatasi ile haifuti haki yako ya kwenda kwenye Mfuko. Kinachofuta ni muda. Miezi 12 inapita huku unasubiri jeraha lipone na tajiri anasema "subiri tuvune kwanza".

Andika majina ya mliokuwa nao siku hiyo, tunza karatasi zote za hospitali, na hakikisha daktari anaandika kwamba umeumia KAZINI, kwenye mashine gani. Kadi inayosema tu "jeraha la mkono" itakusumbua baadaye.

#13 Kibarua_Changarawe

Shukrani mzee. Daftari la genge linaonyesha majina na mbao za kila siku, linaweza kuwa ushahidi?

#14 Mzee_wa_Sheria_Iringa

Sana tu. Lipige picha mapema, likiwa bado zima. Madaftari yana tabia ya kunyeshewa.

#15 Mama_Kitenge

Nimesoma nikacheka. Mpaka #14 mnaongea kama kwenye mashine kuna wanaume watupu. Nani anabeba mabanzi? Nani anazoa pumba chini ya bledi? Sisi. Na hatumo hata kwenye hilo daftari la genge, tunalipwa kwa mzigo.

Hatari yetu haiko kwenye meno. Iko kwenye mkanda na shafti, upande ambao hakuna anayeutazama. Kitenge kimefungwa kiunoni, ncha inaning'inia, mwingine ana mtoto mgongoni na kanga ya kumfunika. Shafti ni laini, watu wanadhani haishiki. Inashika. Inaanza na uzi mmoja. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo balaa, baridi ya Mafinga mnaijua, kila mtu ana skafu na jaketi kubwa lenye kamba, na vidole vimekufa ganzi mpaka saa nne jua linapotoka.

Cha kufanya: wavu wa chuma kuzunguka mkanda na puli zote mbili, mpaka chini kabisa, siyo nusu. Njia ya wabeba mabanzi ipite upande mwingine wa injini. Pumba izolewe bledi ikiwa imesimama, iwekewe saa yake, mara tatu kwa siku. Na bledi "imezimwa" siyo "imesimama", inaendelea kuzunguka kimyakimya kwa muda mrefu na ndipo mtu anaingiza mkono.

#16 Fundi_Kinyanambo

Mama, heshima yako. Nyongeza kwenye wavu: ukubwa wa tundu unaendana na umbali. Wavu ukiwa karibu na mkanda, tundu liwe dogo kidole kisipite. Watu huweka wavu wa banda la kuku sentimita mbili kutoka kwenye mkanda, kidole kinapita vizuri tu.

Na mkanda usirudishwe kwenye puli injini ikiwa inaunguruma. Najua kila mtu anafanya hivyo kwa kipande cha ubao, kwa sababu kuiwasha dizeli asubuhi ya baridi ni kazi ya watu wawili. Dawa yake ni kufunga puli ya kulegeza mkanda yenye mpini, injini inaendelea, mkanda unalegea, bledi inasimama.

#17 Tajiri_wa_Mabanzi

Hiyo puli ya kulegeza inaokoa hata mkanda wenyewe. Naifunga wiki hii, sitanii.

#18 Muuguzi_Nyanda

Naongezea yasiyotoa damu, maana hayo hayaandikwi kabisa.

Kelele. Kama mnalazimika kupayuka ili msikilizane mkiwa mmeachana mita moja, sauti iko kama desibeli 90. Bledi ya duara ikipasua inaweza kufika 100. Kiwango cha saa nane ni 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa mara mbili: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika kumi na tano. Masikio hayaumi yakifa. Kinachoanza kupotea ni sauti nyembamba, mtoto na mke wanaonekana "wanaongea chinichini". Pamba haizuii chochote cha maana. Vizibo vya sponji vinazuia kama vimewekwa sawa: vifinyange viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, shikilia hadi sekunde thelathini kivimbe. Mikono iwe safi.

Vumbi. Vumbi la mbao limewekwa kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua, tangu 1995. Paina inaleta pia pumu na vipele. Kitambaa usoni kinazuia chembe unazoziona, zinazofika mapafuni ni zile usizoziona. Barakoa iwe ya N95 au FFP2, na ndevu zikiwa nyingi haishiki. Lakini kabla ya barakoa, panga mahali pa kuweka mashine kwa kutazama upepo unakotoka, pumba ipeperuke kinyume na watu. Hiyo ni bure.

Sheria inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza na mara kwa mara akiwa kazini, kwa gharama ya mwajiri. Kipimo cha kwanza cha masikio kisipofanyika, miaka kumi baadaye hakuna wa kuthibitisha alisikia vizuri alipoingia. Nadhani wengine wanalijua hilo vizuri sana.

#19 Njombe_Nguzo

Tusisahau wenzetu wa nguzo za umeme. Dawa ya kijani ni mchanganyiko wa kopa, kromu na aseniki, inasukumwa ndani ya mti kwa shinikizo kwenye silinda. Nguzo ikitoka inachuruzika. Inatakiwa ikae juu ya sakafu ya zege yenye mfereji unaorudisha dawa, mpaka dawa ishike. Na dawa inashika polepole kwenye baridi. Julai ya Njombe siyo Julai ya Dar es Salaam, muda unaotosha kule hautoshi huku. Wapakiaji wanabeba nguzo mbichi begani kwa sababu lori limeshafika.

Hapa glavu ni LAZIMA, za mpira siyo za kitambaa, na aproni. Kinyume kabisa na kwenye bledi.

Kubwa kuliko yote: vipande vya kijani na mabanzi yaliyoguswa na dawa yasiende nyumbani kuwa kuni. Aseniki inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye jivu, na jivu linamwagwa bustanini kwenye mchicha. Viwanda "vinawagawia wafanyakazi kuni" na wanaonekana wana huruma.

#20 Mwakaleli_Boy

Hilo la kuni limenitoa usingizini. Na kwenye dhahabu ya Chunya je? Zebaki na makarasha (mitambo ya kusaga mawe)?

#21 Kamwene_Mufindi

Chunya ifunguliwe uzi wake, mkuu. Zebaki ukiichanganya humu tutamaliza mwakani.

#22 Dada_Afisa_Usalama

Nimetafakari. Nakubali kwamba ile 88 ni ya kalamu. Na niseme jambo ambalo maofisa wenzangu hawatalipenda. Lile bango la getini, "Siku 214 bila ajali", na mgao wa sukari na mafuta kwa kila mtu zikifika 365, ndilo linaloficha ajali. Mtu akikatwa kidole, idara nzima inamtazama yeye kama mwizi wa sukari yao. Anafunga kitambaa, anaandikiwa likizo ya mwaka badala ya ya ugonjwa, bango linaendelea kuhesabu. Wakati sheria inampa hadi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili.

Kama lazima mgawe sukari, gaweni kwa waliotoa taarifa za hatari. Kava limelegea, sukari. Bledi ina ufa, sukari.

#23 Muuguzi_Nyanda

Dada, hapo nakupigia saluti.

Na kidole kikishakatika, maana maswali ya faraghani yamekuwa mengi: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya usawa wa moyo, usiweke majivu, mafuta ya taa wala sukari. Kipande kilichokatika kisioshwe kwa kusuguliwa. Kifunge kwenye gozi au kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi kidogo, weka ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja, funga, kisha mfuko huo uweke ndani ya mfuko au chombo chenye maji na barafu. Barafu isikiguse kidole moja kwa moja, itakiua. Andika saa ya ajali. Piga simu hospitali mkiwa njiani ili wawaambie mapema kama wao wanaweza au mwende mbele. Ukiwa ni mkono mzima na damu haikamatiki, funga kwa nguvu juu ya jeraha na uandike saa uliyofunga.

#24 Kibarua_Changarawe

Fundi, ile bledi yenye ufa mnaijuaje kabla haijapasuka? Na lile kava la nati nne, hakuna namna ya kulifanya lijinyanyue?

#25 Fundi_Kinyanambo

Ufa unaanzia kwenye shina la jino, pale mwanya wa jino unapokutana na sahani, mara nyingi kwa sababu ya kunoa kwa kona kali badala ya kona ya mviringo, au kwa joto la utomvu uliogandana. Bledi ikiwa imetolewa na imepoa, isugue utomvu utoke, paka mafuta ya taa kwenye mashina ya meno, subiri dakika kumi, futa mpaka ikauke kabisa, kisha paka chaki ya shule. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuuchora kwenye chaki kama unywele. Ukiuona, bledi hiyo haichomelewi. Inakwenda kuwa vyuma chakavu.

Kava: toa nati, weka bawaba upande wa nyuma kwenye bomba linalosimama pembeni ya kisu. Mdomo wa mbele ukunje juu kama mdomo wa bata ili gogo lenyewe likifika linyanyue kava, likipita kava lidondoke. Uwazi kati ya mdomo na mbao za kawaida uwe kama milimita 12. Weka kituo cha bolti kuzuia lisiiguse bledi likidondoka. Uzito ukizidi watasukuma kwa hasira na mtarudi palepale, kwa hiyo tumia bati la milimita 2 na mbavu mbili, siyo pande zima la tangi.

#26 Tajiri_wa_Mabanzi

Bomba la inchi ngapi?

#27 Fundi_Kinyanambo

Moja na nusu, zito, siyo lile la maji. Na lishikwe kwenye fremu ya mashine, lisishikwe kwenye meza. Meza inatetemeka.